Historia ya Vijenzi vya Umeme katika Kadi za Grafiki na Funzo Lake kwa Chapwa, Tunduma
Historia ya kadi za grafiki huelezwa kwa majina ya chipu. Insha hii inadai kwamba umeme ndio ulioiwekea mipaka. Mwaka 1999 GeForce 256 ilitosheka na umeme wa ubao mama. Mwaka 2000 Voodoo5 5500 ilihitaji waya wa ziada. Kufikia 2022 plagi moja iliruhusiwa kupitisha hadi wati 600. Ndani ya kadi, transista, koili na kapasita hushusha volti 12 hadi takribani volti 1. Zikizidiwa na joto, chipu hupunguza kasi. Hata hivyo, vijenzi hivyo havitibu umeme unaoyumba ukutani. Kwa hiyo Chapwa, kata ya Tunduma, mji uliowahi kulishwa umeme kutoka Zambia, yafaa kupima kwanza pawasapulai na stabilaiza, kisha vijenzi, ndipo jina la chipu.