Kilima cha Mulago, Kampala: Shule ya Udaktari ya Makerere

Hospitali ya Mulago ilifunguliwa mwaka 1913. Chuo cha Makerere, kilicho kwenye kilima jirani, kilianzishwa mwaka 1922, na katika muongo huohuo mafunzo ya udaktari yakaanza. Baadaye vijana wa Kenya, Tanganyika na Zanzibar nao walikuja kusomea hapa.

Wodi za Mulago zilikuwa darasa na uwanja wa utafiti. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Sampuli zilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 watafiti Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kuona ndani yake kirusi kipya, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa hapahapa mwaka 1967.

Leo wanafunzi wa uzamili na uzamivu huchunguza malaria, kifua kikuu na VVU, na Maktaba ya Albert Cook huwahifadhia kumbukumbu za kale. Wagonjwa na wazazi wa watoto wale wenye uvimbe wa taya walichangia ugunduzi wa kirusi kile. Heshima yake ni yao pia.