Utakamua Nini?

Rafiki yangu wa Nakuru huokota mbwa wa mtaani, huwapeleka kwa daktari wa mifugo, kisha huwatafutia watu wa kukaa nao mpaka wapate mtu wa kuwachukua kabisa. Mwaka jana, nilipoacha chuo na kurudi nyumbani Keringet, alinipigia simu. Si una nafasi na huna kazi ya maana? Nishikie mmoja, wiki sita tu. Nikakubali.

Kogo, yaani nyanya yangu, alimtazama yule mbwa mwekundu akitetemeka kwa baridi mlangoni.

"Wa nani?"

"Si wetu, kogo. Tunamshikia tu."

"Basi ni kimanagan," akasema, kisha akacheka. "Lakini utakamua nini?"

Kama hukukulia kwa Wakipsigis, kimanagan ni ng'ombe aliyewekwa kwa mtu mwingine. Mwenye ng'ombe anampeleka kwa rafiki au jamaa, pengine mbali sana. Anayemtunza anakunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wanabaki mali ya mwenyewe. Na haikuwa huruma tupu. Sotoka ilipopita Afrika Mashariki miaka ya 1890, iliua mifugo kupita kiasi. Kulikuwa pia na ukame, na wavamizi. Mtu aliyeweka ng'ombe wake wote katika boma moja angeweza kulala tajiri na kuamka maskini. Aliyewatawanya kwa marafiki alibaki na pa kuanzia, na yule asiye na ng'ombe hata mmoja alipata maziwa ya watoto wake. Bima kabla ya bima, tuseme.

Ndiyo maana hunichekesha mtu akisema kwamba kulea mnyama wa mwingine ni mambo ya wazungu wa Karen. Ni kweli KSPCA, chama cha kuwalinda wanyama, kina mizizi ya kikoloni, kilianza 1910. Lakini miaka miwili baadaye, 1912, kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na hapo serikali ikaanza kumtazama mbwa kama hatari: chanjo, leseni, risasi. Ng'ombe alikuwa na desturi ya kumlinda akiwa mbali na mwenyewe. Mbwa hakuwa na kitu.

Na swali la kogo lilikuwa la haki. Mlezi wa kimanagan alilipwa kwa maziwa. Mimi nilikuwa napika ugali wa mbwa kwa unga wa kununua.

Jioni moja, tukiota moto, nikamuuliza kuhusu mbwa mwingine, yule ninayemkumbuka kidogo tu. Januari 2008, Kuresoi ilipokuwa inaungua, jirani yetu alikimbia usiku na watoto wake. Mbwa wake alikaa getini siku mbili, halafu akaja kwetu. Kuna waliomwambia kogo amfukuze, eti huyo ni mbwa wa adui. Hakumfukuza. Alimpa makombo, akamwekea gunia nyuma ya jiko. Sisi watoto tulikuwa tunamwita "wewe".

"Kwa nini hukumpa jina?"

"Alikuwa nalo. Mwenyewe ndiye aliyelijua."

Jirani hakurudi. Shamba liliuzwa, na mbwa akaishi kwetu miaka minne mingine, mchana akilala kwenye kijia cha kuelekea kwao. Nilimuuliza kogo yeye alikamua nini miaka yote hiyo. Akanyamaza, akasukuma kuni ndani ya moto, akaniambia nikafunge ndama.

Wiki ya sita rafiki yangu alikuja na gari. Familia moja ya Njoro ilikuwa imekubali kumchukua yule mwekundu. Nilikuwa nashughulika na kamba nilipomsikia kogo dirishani mwa gari, akimweleza dereva, kwa ukali kidogo, kwamba huyu hali ugali baridi.