Sanduku la spika: kutoka sufuria ya Lusaka hadi karakana ya seremala wetu

Safari hii naweka kando mambo ya kupe, mbegu na bei ya mbuzi. Kuna swali ambalo wenye maduka hapa Ololosokwan wananiuliza kila mara: nimetoa spika nzuri kwenye gari bovu, nimeifunga kwenye amplifaya na betri ya sola, mbona inalia kama nyuki ndani ya kopo? Wengi wanadhani dawa ni amplifaya kubwa zaidi. Dawa ni sanduku. Nitakueleza sanduku hilo limetoka wapi, kwa sababu waliotutangulia walipoteza miaka na mbao nyingi kabla ya kulielewa, na wewe huna haja ya kurudia.

Usidhani ni jambo la muziki tu. Studio ya Loliondo FM, redio jamii iliyoanzishwa kwa msaada wa UNESCO, iko hapa hapa kijijini. Nikipeleka tangazo la chanjo, kazi ya studio inaishia kwenye mnara. Kuanzia hapo tangazo linategemea spika ya mtu: ya simu, ya redio ndogo ya plastiki, au ile ya dukani ambapo watu wanakusanyika. Kama ya dukani haisikiki vizuri hatua ishirini, mama aliyekuja kuuza maziwa anarudi bomani akiwa amesikia neno "chanjo" bila kusikia siku.

Sufuria yenye redio ndani

Taabu ya kuifikisha redio kwa watu wa kijijini ni ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya serikali ya kikoloni mjini Lusaka, ambayo leo iko Zambia, alikuwa anatafuta redio ya betri ambayo mwananchi wa kawaida angeweza kuinunua. Kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ikakubali kuitengeneza mwaka 1949. Kwa mwili wa redio walichukua kitu kilichokuwa tayari kiwandani: sufuria ya alumini, wakaipaka rangi ya buluu. Ikaitwa redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake kubwa ikauzwa kando.

Mimi naikubali akili hiyo. Mchwa hawali alumini, na sufuria haipasuki ikianguka kutoka kwenye baiskeli. Lakini gonga sufuria yoyote jikoni kwako usikilize: inalia yenyewe. Chombo kinacholia chenyewe kinaongeza sauti yake juu ya sauti ya mtangazaji. Kwa taarifa ya habari inavumilika, kwa muziki hapana.

Huku kwetu Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikazaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Redio za awali za wenye uwezo zilikuwa na masanduku ya mbao, makubwa, na sauti yake wazee wanaikumbuka kuwa nzito na tulivu. Halafu zikaja redio za transista, ambazo zilitumia umeme kidogo sana. Arusha kulikuwa na kiwanda cha Philips kilichounganisha redio, na Dar es Salaam kiwanda cha Matsushita kilitengeneza redio na betri za National. Redio ikawa nyepesi, ikabebwa hadi machungani. Ila spika nayo ikawa ndogo, na sanduku likawa plastiki nyembamba.

Sasa fikiria kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa wiki 12, watu takribani milioni 2 nchi nzima walikaa kwa makundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ni moja ya kazi kubwa za elimu ya watu wazima zilizowahi kufanyika Afrika. Na ilifanyika kwa redio ndogo. Kwa maoni yangu, mafanikio yale yalitokana na kiongozi wa kundi aliyerudia maneno, kuliko redio yenyewe. Leo kiongozi wa kundi hayupo. Amebaki mwenye duka na spika yake.

Kwa nini spika tupu haina sauti nzito

Spika unayoifahamu, yaani koni ya karatasi, koili ya waya na sumaku, ilielezwa mwaka 1925 na wahandisi wawili wa General Electric ya Marekani, Rice na Kellogg. Koni ikisukuma hewa mbele, wakati huo huo inavuta hewa nyuma. Kwa hiyo spika moja inatoa sauti mbili zinazopingana. Zikikutana zinauana.

Sauti nyembamba haziathiriki sana kwa sababu mawimbi yake ni mafupi. Sauti nzito ni tofauti. Wimbi la sauti yenye mitetemo 100 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 3.4. Spika ya inchi 8 kwake ni kama kichaka kimoja mbele ya kundi la ng'ombe: linazunguka bila hata kukiona, linafika nyuma na kufuta lile la upande wa pili. Jaribu mwenyewe. Shika spika tupu ikipiga wimbo wenye besi, kisha ibane kwenye tundu la ubao mpana. Besi inatokea hapo hapo, na hujaongeza hata wati moja.

Kazi ya kwanza ya sanduku, basi, ni kutenganisha mbele na nyuma. Baada ya hapo walioshughulikia jambo hili waligawanyika njia mbili. Albert Thuras wa maabara za Bell huko Marekani alipata hataza mwaka 1932 ya sanduku lenye tundu la pili. Ukitaka kulielewa tundu hilo, chukua kibuyu kitupu cha maziwa upulize mdomoni: kinatoa sauti moja nzito, na kibuyu kikiwa kikubwa sauti inashuka. Thuras alifanya sanduku kuwa kibuyu, ili sauti ya nyuma itoke ikisaidia ya mbele. Mwaka 1954 Edgar Villchur, Mmarekani mwingine, akaenda kinyume: aliziba kila kitu, na hewa iliyofungiwa ndani akaifanya springi ya kurudisha koni.

Wewe fuata njia ya Villchur. Tundu la Thuras ni zuri, lakini linataka vipimo vya spika yenyewe, na hesabu kamili za kulipima zilikuja baadaye, kwa kazi ya Thiele kule Australia mwaka 1961 na ya Small aliyemfuatia. Spika iliyotolewa kwenye gari bovu haina karatasi ya vipimo. Tundu la kubahatisha linaleta muungurumo wa noti moja tu, na hapo maneno ya mtangazaji yanazama.

Hapa ndipo seremala anaingia

Ukishaamua kuziba, maungio ndiyo kila kitu. Nyufa unayoweza kupitisha karatasi inatosha kutoa filimbi na kuharibu besi. Masanduku mengi ninayoyaona mnadani yamepigwa misumari kwenye kichwa cha mbao, pale nyuzi zilipokatiwa. Msumari ukiingia sambamba na nyuzi unashika kidogo sana, na spika inatikisa kila siku. Miezi michache unalegea. Gundi nayo haikusaidii pale, kwa sababu kichwa cha mbao kinainywa kama udongo mkavu unavyokunywa maji.

Mafundi wa pwani walijua hili zamani. Tazama milango mikubwa ya Zanzibar na Lamu: miimo inashikana kwa ulimi na tundu, mbao imeingia ndani ya mbao. Kwa sanduku, kiungo bora cha kona ni meno yaliyokatwa yakitanuka kama mkia wa njiwa, upande mmoja ukiingia katika mwingine. Meno hayo hayawezi kuvutika nje, na gundi inapata ubavu wa nyuzi ambako inashika kweli. Kinahitaji patasi kali, skwea iliyo sawa na subira ya siku moja. Kama fundi wako hajawahi kukikata, mwambie akate ngazi: apunguze nusu ya unene wa ubao mmoja ukingoni, mwenzake ulalie humo, atie gundi, abane kwa kamba hadi kesho yake, kisha agundishe kijiti cha mraba kwenye kona kwa ndani.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri wanalisahau. Mbao hunywa unyevu wakati wa mvua na kukauka kiangazi, na inatanuka kwa upana, si kwa urefu. Ukipachika ubao mmoja nyuzi zikienda huku na mwenzake zikienda kule, kiangazi cha kwanza kinakupasulia kona. Pande nne zikatwe kutoka ubao mmoja, zikifuatana, nyuzi zikilizunguka sanduku kama mkanda kiunoni. Zote zitatanuka pamoja kuelekea nyuma, na kona zitabaki zimefumba. Uso wa mbele na wa nyuma uwe plaiwudi ya milimita 18, ambayo karibu haitanuki kabisa. Chipubodi achana nayo hapa. Ikigusa maji inavimba kama mkate kwenye chai.

Mbao gani? Grevilea inayovunwa mashambani Karatu inafaa na haina gharama kubwa, ila hakikisha imekauka, isiwe ya juzi. Mwerezi una harufu tamu na wadudu hawaupendi, lakini tafadhali usiniletee mwerezi uliokatwa msitu wa Loliondo bila kibali. Hilo ni kosa kisheria, na chemchemi zetu zinautegemea msitu ule.

Wengine wananiambia sanduku zuri ni la mbao nyembamba kwa sababu "linaimba". Wanalichanganya na udi. Udi unaopigwa na vikundi vya taarab kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, una uso mwembamba ili uimbe pamoja na nyuzi. Sanduku la spika linatakiwa linyamaze, koni peke yake ndiyo iseme. Gilbert Briggs, Mwingereza aliyeanzisha Wharfedale mwaka 1932 kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, na aliyeandika vitabu vilivyosomwa sana na watu waliojitengenezea masanduku nyumbani, alifikia kujaza mchanga mkavu kati ya mbao mbili ili uso wa sanduku usitetemeke. Mchanga tunao. Lakini uzito wake si mchezo, na kwa duka sioni haja. Kijiti kimoja kigumu kilichogundishwa ndani kutoka ubavu hadi ubavu kinatosha kuzuia mtetemo.

Kwa spika ya inchi 8, mwambie fundi hivi: nafasi ya ndani iwe sentimita 40 kwenda juu, 30 upana na 21 kina. Ubao wa inchi 1 kwa 10 unatoa kina hicho baada ya kuweka plaiwudi mbele na nyuma. Inakuwa lita 25, yaani dumu la lita 20 na robo yake. Usikubali sanduku la mraba pande zote, linapendelea noti moja. Uso wa nyuma ufungwe kwa skrubu, si misumari, ukikaa juu ya ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, ili siku waya ukikatika usilazimike kuvunja kazi ya watu. Ndani tia sufi au vipande vya blanketi kuukuu bila kushindilia. Kondoo wetu wekundu wa Kimaasai wangetusaidia, bahati mbaya hawana sufu ya kutosha. Tundu la waya lizibe kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Angalia pia amplifaya yako imeandikwa inakubali omu 4, maana spika nyingi za gari ni za omu hizo, na amplifaya isiyokubali itaungua.

Kabla hujamlipa fundi salio, weka vidole pande mbili za koni, isukume ndani taratibu, kisha iachie. Ikirudi polepole, sanduku limefumba. Ikiruka mara moja, kuna mahali panavuja. Piga wimbo wenye besi, washa kijiti cha udi wa kufukiza, upitishe moshi wake kwenye kila kiungo. Utakapouona moshi unarushwa, weka alama ya penseli, fungua nyuma, uzibe kwa ndani.