Njeo na Wakati Unaoonjwa

Mwaka 1781 Immanuel Kant alishikilia kwamba wakati haumo katika vitu vyenyewe, bali ni umbo la hisi za binadamu, nalo ni moja kwa watu wote. Hoja ya John Mbiti ya mwaka 1969 haikuafiki umoja huo. Kutokana na vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, alidai kwamba wakati ujao wa Mwafrika hauvuki miaka miwili. Dhana zake alizipa majina ya Kiswahili, sasa na zamani, lakini sarufi ya lugha hiyo hakuiuliza: -ta- haina kikomo, na baada ya kesho kutwa kuna mtondo na mtondogoo. Isitoshe, njeo haitoshi kushuhudia nafsi inaonja nini. Apandaye mnazi huyatarajia mavuno ya miaka mitano mbele, au zaidi.