Nyumba Yako, Ardhi ya Nani? Milki ya Muda katika Milima ya Buha

Anayetafuta nyumba ya kununua Kasulu au Kibondo huonyeshwa karatasi za aina nyingi. Muuzaji mmoja atatoa hati ya miaka 33. Mwingine, hatimiliki ya kimila isiyotaja siku ya mwisho. Wa tatu ana barua ya toleo tu. Na wa nne ana makubaliano yaliyoandikwa kwa mkono, yenye sahihi za mashahidi na muhuri wa mwenyekiti. Nyumba zote nne zaweza kuwa za tofali na bati la aina moja, lakini haki inayouzwa si moja. Wengi hudhani kwamba hali hii imeletwa na uzembe wa ofisi za ardhi. Uzembe upo, lakini sababu kubwa ni ya zamani zaidi: kwa zaidi ya miaka mia moja, mwenye mamlaka ya kugawa ardhi ya milima hii amebadilika mara nyingi, na kila aliyekuja aliacha utaratibu wake bila kuufuta kabisa ule wa mwenzake.

Kabla ya ukoloni, Buha, yaani nchi ya Waha katika mkoa wa leo wa Kigoma, ilikuwa na falme kadhaa. Heru ilikuwa upande wa Kasulu, Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo, na kila ufalme ulikuwa na mwami wake. Chini ya mwami, au pengine kando yake, walikuwepo bateko, wazee wa koo za kale waliosimamia matambiko ya ardhi na kuwapa wageni mahali pa kulima. Wanahistoria hawakubaliani sana juu ya nani hasa alikuwa na kauli ya mwisho. Wapo wanaompa mwami, kwa kuwa watawala ndio walioshika ng'ombe na kupokea kodi. Wapo wanaowapa bateko, kwa kuwa mamlaka yao yalikuwepo kabla ya nasaba za watawala kufika. Mimi naona hoja ya pili ina nguvu zaidi kuhusu shamba na makazi, na ya kwanza kuhusu mifugo na utii. Hata hivyo, pande zote mbili zinakubaliana katika jambo linalotuhusu hapa: kaya ilishika ardhi kwa kuitumia na kwa kutambuliwa na mkubwa fulani, na haikuwa na mamlaka ya kuiuza kama inavyouza mbuzi.

Wajerumani ndio walioleta wazo la kwamba ardhi yote ina mwenyewe mmoja aliye mbali. Amri ya Novemba 1895 ilitangaza kuwa ardhi isiyothibitishwa kuwa ya mtu, ya chifu au ya jumuiya ni mali ya dola. Mkulima wa Buha hakuiona amri hiyo siku ilipotiwa sahihi Ulaya, na pengine hakuisikia kwa miaka mingi. Mwaka 1916 wakaja Wabelgiji, na mwaka 1921 wakaukabidhi upande huu kwa Waingereza.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ndiyo mzazi wa hati tunazozishika leo. Waingereza waliifuatisha sheria waliyokwisha kuitumia Nigeria ya Kaskazini: ardhi yote iwe ya umma chini ya Gavana, naye atoe haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Mwaka 1928 sheria ilirekebishwa ili ardhi ya mila nayo itambuliwe, lakini bila hati. Kwa nini Waingereza hawakuwauzia walowezi ardhi moja kwa moja? Jibu lao wenyewe lilikuwa kwamba walipewa Tanganyika kwa dhamana na walitakiwa kuwalinda wenyeji. Wakosoaji husema kuwa sheria hiyo ilimgeuza mwenyeji kuwa mkaaji kwa hisani katika ardhi ya babu yake. Maelezo yote mawili yana ukweli, lakini kwa Buha yanapita pembeni kidogo. Huku hapakuwa na foleni ya walowezi. Serikali iliitazama Kigoma kama ghala la vibarua, na vijana wa Kiha walikwenda kwa maelfu kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Ardhi waliyoiacha nyumbani haikupimwa wala kuandikwa, maana hapakuwa na aliyeitaka.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Kuanzia mwaka 1933, serikali ilianza kuwaondoa watu wa upande wa Kibondo kutoka mapori yenye mbung'o na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Hoja ya kitabibu ilikuwa ya kweli, kwani ugonjwa uliua. Lakini kwa upande wa milki, serikali ilikuwa imeonyesha kwamba ukoo unaweza kuhamishwa na shamba lake la jana likabaki mahame, bila mahakama kuulizwa.

Mwaka 1958 serikali ya Gavana Twining ilipendekeza Waafrika waanze kumilikishwa ardhi moja kwa moja, bila kikomo cha muda. Julius Nyerere alipinga kwa maandishi, akihofia kwamba baada ya miaka michache wenye fedha wangekuwa na ardhi yote na maskini wangekuwa wapangaji. Msimamo huo ndio ulioshinda. Mwaka 1963 milki zote za kudumu zilibadilishwa kuwa za kukodi serikalini kwa miaka 99, na mwaka 1969 nazo zikageuzwa kuwa haki za kukalia ardhi. Mwaka huohuo wa 1963 uchifu ulifutwa kisheria, Mwami Theresa Ntare wa Heru akiwa miongoni mwa waliopoteza kiti. Ngazi ya kale iliyokuwa ikitambua mipaka ya mashamba ikaondoka hivyo.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972. Watu waliokuwa wametawanyika vilimani walihamishiwa vijiji vilivyopangwa. Serikali ilisema shabaha ni shule, maji na zahanati. Wengine wamekumbusha kwamba mwaka huohuo Burundi iliwaka moto na wakimbizi wakavuka mpaka, hivyo suala la usalama halikuwa dogo. Sioni haja ya kuchagua moja. Matokeo yalikuwa kwamba kaya moja ilipewa kiwanja kilichowahi kuwa shamba la kaya nyingine, na hakuna aliyeandikiana na mwenzake.

Mgongano huo ulifika mahakamani katika sehemu nyingi za nchi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya baba na mwanawe kutoka Mbulumbulu, iliamua kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Miaka mitano baadaye Bunge likatunga Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Kifungu cha 15 cha sheria ya vijiji kinamhusu kila mtu wa Buha, hata asiyekisikia: kinathibitisha ugawaji wote wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya Januari 1970 na Desemba 1977, uwe ulifuata sheria au uliivunja. Kwa hiyo mjukuu anayemwambia mnunuzi, "hapa palikuwa pa babu," aweza kusema kweli tupu na bado ashindwe kesi.

Sasa turudi kwa mnunuzi wetu. Kama nyumba iko mjini kwenye kiwanja kilichopimwa, haki hutoka kwa Kamishna wa Ardhi kwa niaba ya Rais. Mauziano lazima yawe ya maandishi, uhamisho upitishwe ofisini, kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa, na kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai ridhaa ya mwenzi. Sahihi ya mke au mume si adabu tu. Bila hiyo mauzo yanaweza kubatilishwa. Kama nyumba iko kijijini, mwenye kauli ni halmashauri ya kijiji, na muhuri wa mwenyekiti peke yake si kikao cha halmashauri. Mgeni asiyekusudia kuishi au kufanya kazi pale asitegemee kuhamishiwa kwa urahisi.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni hesabu ya miaka. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1999 inaisha mwaka 2032. Anayeinunua leo hanunui miaka 33, ananunua iliyobaki, na muda mpya atauomba mwenyewe kwa Kamishna. Kabla ya kutoa hata malipo ya kwanza, nenda ofisi ya ardhi uombe upekuzi rasmi, usome tarehe ya kuanza kwa milki, kisha ujadili bei kwa kuangalia miaka iliyosalia.