Mbishi Aliyekataa Kuondoka

Jim Burwell alijiunga mwanzoni mwa 1938 na kikundi kidogo cha walevi waliokuwa wakisaidiana kuacha pombe jijini New York. Alikuwa amefukuzwa kazi moja baada ya nyingine kwa sababu ya ulevi. Wenzake wapya walimpokea vizuri, wakampa na kibarua cha kuuza dawa ya kung'arisha magari. Tatizo lilikuwa mdomo wake. Mkutanoni akisikia Mungu anatajwa tu, anaanza ubishi. Alitaka msaada wa wenzake katika kuacha pombe, basi. Hayo ya Mungu wabaki nayo wenyewe. Miaka mingi baadaye alikuja kujua kwamba walikuwa wamefanya kikao cha maombi juu yake, na wengi wao walikuwa wakitumaini ama atahama mji, ama atalewa tena aondoke zake.

Hawakuwa watu wabaya. Waliogopa tu, kwa sababu kile alichokuwa akikipinga ndicho walichoamini kimewaokoa na kifo.

Habari yao ilianza Novemba 1934: Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa aliyefilisiwa na chupa, alikuwa jikoni kwake Brooklyn akinywa jini iliyochanganywa na juisi ya nanasi. Akaja rafiki yake wa zamani, Ebby Thacher, mlevi mwenzake. Bill akamsogezea glasi. Ebby akakataa: alikuwa ameokoka. Alikuwa amejiunga na Oxford Group, uamsho wa Kikristo ulioanzishwa na mchungaji wa Kilutheri wa Marekani, Frank Buchman. Msomaji aliyewahi kukaa na walokole wa Afrika Mashariki asingewaona wageni: kuungama mbele ya wenzako, kuwarudia uliowakosea na kutengeneza, kukaa kimya asubuhi kusubiri Mungu akuongoze.

Bill hakuwa mtu wa dini, na alimwambia hivyo. Jibu la Ebby lilikuwa jepesi mno kwa mtu aliyeokoka juzi: si uchague mwenyewe namna ya kumwelewa huyo Mungu? Mimi naona historia yote iliyofuata imejengwa juu ya swali hilo, ingawa ilichukua muda waliolisikia kukubali maana yake yote.

Mwezi uliofuata Bill alilazwa Towns Hospital, New York, chini ya Dk. William Silkworth, daktari aliyeuita ulevi ugonjwa wakati wengi waliuona ukosefu wa haya. Jambo hili husahaulika kwenye masimulizi ya wokovu: kabla ya sala kulikuwa na kitanda cha hospitali. Mnywaji wa kupindukia akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa, na hilo halichagui Mkristo, Mwislamu wala asiye na dini. Humo wodini Bill alisema aliona mwanga mkubwa ukijaa chumba. Akamuuliza daktari kama amerukwa na akili. Silkworth akamshauri akishike alichokipata. Bill hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1971.

Mei 1935 biashara ilimpeleka Akron, Ohio, ikamharibikia. Akiwa peke yake ukumbini Mayflower Hotel, baa upande mmoja na simu upande mwingine, alichagua simu. Akaanza kupigia watu wa kanisa akitafuta mlevi wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumsikiliza robo saa tu. Walikaa kwa saa kadhaa. Dk. Bob aliteleza mara moja baada ya hapo, na chupa yake ya mwisho, bia aliyopewa na Bill mwenyewe ili mikono isimtetemeke akiwa kwenye upasuaji, inahesabiwa kuwa ya tarehe 10 Juni 1935. Siku hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, yaani AA.

Jim Burwell naye aliteleza, Juni 1938, akiwa safarini na dawa zake za magari. Waliotamani alewe walipata walichotaka, ila nusu ya pili ya matumaini yao haikutimia. Alirudi. Safari hii akiwa mpole kidogo, si sana.

Alirudi wakati mzuri. Bill alikuwa anaandika kitabu, sura kwa sura, akimsomea katibu muhtasi Ruth Hock kwenye ofisi ndogo mjini Newark, New Jersey. Desemba 1938 aliandika hatua 12, na Mungu alikuwa amejaa ndani yake. Ugomvi ukazuka. Fitz Mayo, mtoto wa mchungaji, alitaka kitabu kiseme waziwazi kwamba ni cha Kikristo. Jim, pamoja na Hank Parkhurst aliyekuwa mwenye ofisi, walitaka Mungu apunguzwe au aondolewe kabisa, kwa hoja kwamba mlevi anayekimbia makanisa atakifunga kitabu kwenye ukurasa wa kwanza. Bill alikaa katikati, akitupiwa maneno kutoka pande zote mbili.

Maafikiano yao yanaonekana kwenye maandishi mpaka leo. Hatua ya pili ikataja nguvu iliyo kubwa kuliko mtu, bila kuipa jina. Ya tatu na ya kumi na moja zikabaki na Mungu, ila kama kila mmoja anavyomwelewa. Kwenye ya saba palikuwa na kupiga magoti, magoti yakafutwa. Na juu ya zote pakawekwa kwamba hizi ni hatua zinazopendekezwa, si amri. Kitabu kilitoka Aprili 1939.

Mwezi uliofuata mlango wa kikundi ulisukumwa kutoka upande mwingine kabisa. Wakatoliki wa Cleveland waliokuwa wakisafiri kwenda mikutano ya Akron walikatazwa na Kanisa lao kushiriki Oxford Group. Kwao shida haikuwa Mungu kuzidi. Shida ilikuwa kuungama pasipo padri, ndani ya uamsho wa Kiprotestanti. Wakiongozwa na Clarence Snyder wakaanzisha mikutano yao chini ya jina la AA, na kabla mwaka haujaisha Akron nayo ilikuwa imeachana na Oxford Group. Hivyo asiyeamini na Mkatoliki safi, bila hata kufahamiana, walikuwa wameufungua mlango uleule.

Burwell alihamia Philadelphia mwaka 1940, akaanzisha kikundi huko. Kwa muda mrefu nguvu aliyoitegemea ilikuwa kikundi chenyewe. Kisa chake kikawa mfano wa kanuni ya tatu ya AA, kwamba sharti la kujiunga ni moja tu: kutaka kuacha pombe. Alifariki mwaka 1974, zaidi ya miaka 36 bila pombe.

Kanuni ni kitu kimoja, mikutano ni kitu kingine. Mikutano mingi iliendelea kufungwa kwa Sala ya Bwana, na wasiosali walisimama wakitazama viatu vyao. Mwaka 1975 wasioamini wa Chicago wakafungua mkutano wao ndani ya AA. Mwaka huohuo Jean Kirkpatrick, mwanasosholojia wa Pennsylvania aliyekuwa mlevi, alitoka nje kabisa na kuunda Women for Sobriety. Yeye hakugombana na Mungu. Alisema mwanamke mlevi anafika akiwa ameshavunjwa na aibu. Kumwambia tena akiri hana uwezo ni kumzamisha. Mwaka 1989 Waislamu wa Baltimore waliziandika upya hatua 12 kwa imani yao, wakajiita Millati Islami. Hatua hizohizo zilifika Zanzibar kwenye nyumba za soba, zilizoanza 2009 hasa kwa waraibu wa heroini, na huko jina la Mungu halikuhitaji kupunguzwa.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002 uliona kwamba wasioamini huhudhuria AA mara chache kuliko waumini, ila wanaohudhuria hufaidika sawasawa. Mimi hapo nasoma habari za mlango zaidi kuliko habari za dawa. Serikali nazo ziliuharibu mlango huo zilipoanza kusukuma watu kuingia. Mwaka 1996 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliamua kwamba gereza halina haki ya kumnyima mfungwa asiyeamini nafasi ya kukaa na familia yake kwa sababu tu amekataa programu iliyojengwa juu ya hatua 12.

Ugomvi wa Newark ulirudi Toronto. Mwaka 2011 ofisi ya AA ya jiji hilo iliviondoa kwenye orodha vikundi viwili vya wasioamini, kwa sababu vilikuwa vikitumia hatua zilizoandikwa upya bila Mungu. Vikundi havikufunga. Viliendelea kukutana, watu wakapashana habari kwa mdomo, na mmoja wa wanachama akapeleka malalamiko kwenye baraza la haki za binadamu la Ontario. Mwanzoni mwa 2017, baada ya miaka karibu sita, vilirudishwa kwenye orodha.