Tela, Mizani na Sheria: Historia ya Mzigo Barabarani

Wanafunzi wa Hanga, na ninyi nyote mnaosikiliza katika madarasa mengine ya watu wazima, fuateni maneno haya polepole. Anayesoma vizuri amsaidie jirani yake.

Leo tutazungumza habari za tela. Tela ni gari lisilo na injini, linalokokotwa na lori au trekta. Wakati wa mavuno mnaliona likipita na magunia ya mahindi. Barabarani mnamwona pia askari akilisimamisha. Watu hunung'unika, "Huyu anatuchelewesha bure." Je, ni bure? Historia itatujibu.

MZIGO MABEGANI

Zamani mizigo ya nchi hii ilisafiri juu ya mabega ya watu. Mbung'o walikuwa wengi, na punda au ng'ombe wa kukokota hawakuweza kuishi katika sehemu nyingi. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa kilo 30 hivi. Ulipozidi, magoti yalimwambia. Bega lilikuwa ndiyo mizani.

Kisha ikaja vita ya 1914 mpaka 1918. Waingereza na Wajerumani waliwalazimisha watu kwa maelfu kuwachukulia chakula na risasi. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi wao kwa njaa na magonjwa. Angalieni jambo hili, kwa maana tutalirudia: aliyeamua mzigo uende hakuwa yeye aliyeubeba.

LORI NA TELA

Baadaye malori yalienea, na upagazi ukapungua. Hiyo ilikuwa faida kubwa. Lakini injini haina magoti ya kuuma. Ukiipakia kupita kiasi, itanguruma tu na kwenda.

Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia utawala wao wenyewe. Njia za Zambia za kusini zikaingia mashakani. Zambia ikahitaji njia nyingine ya kuingiza mafuta na kutoa shaba. Njia hiyo ilikuwa kwetu: Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, mpaka Tunduma. Mwaka 1966 likaanzishwa shirika la malori la Tanzania na Zambia, na malori makubwa ya Fiat yenye matela yakaanza safari.

Sehemu kubwa ya njia ile ilikuwa udongo. Kiangazi vumbi lilimfunika dereva asione mbele. Masika malori yaliteleza na kupinduka. Watu wakaiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta lilifunguliwa mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia 1970 mpaka 1975. Lakini malori na matela hayakuondoka barabarani. Mwaka 1973 Bunge likatunga Sheria ya Usalama Barabarani, mahali pa sheria iliyoachwa na Waingereza. Sheria hiyo inakataza gari bovu kutumiwa barabarani, na inampa askari mamlaka ya kulisimamisha na kulikagua.

KWA NINI TELA LINA HATARI YAKE

Fikirini mtu anayeshuka mlima na mkokoteni nyuma yake. Wakati wa kupanda alikuwa akiuvuta. Wakati wa kushuka unamsukuma. Ndivyo ilivyo kwa tela. Mnaosafiri kwenda Njombe mnaujua mteremko wa Lukumburu. Waliofika Iringa wanaijua Kitonga. Hapo dereva akifunga breki ghafula, na tela halina breki nzuri, tela husukuma lori kwa nyuma. Lori na tela hujikunja kama kisu cha kukunja, na kuziba barabara yote.

Hatari ya pili ni kiungo. Tela likichomoka kwa kuwa pini imelika, au kwa kuwa mtu ametia kipande cha nondo mahali pa pini, halina dereva wa kuliongoza. Kwa sababu hiyo Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, uliohusu usafiri wa barabarani, ulitaka tela lifunge breki lenyewe kiungo kikikatika. Tela dogo lisilo na breki ya namna hiyo liwe na mnyororo au kamba ya chuma ya kulishika.

Hatari ya tatu ni giza. Tela lililoharibika usiku bila taa ni ukuta katikati ya njia. Desturi yetu ni kutupa matawi ya miti barabarani. Lakini tawi haling'ai usiku. Pembetatu nyekundu ya kung'aa huonekana mbali, nayo haiachwi njiani kama matawi yanavyoachwa.

MIZANI YA BARABARANI

Mzigo unaumiza barabara pia. Huko Illinois, Marekani, wataalamu walipitisha malori juu ya barabara za majaribio tangu 1958 mpaka 1960. Waliona kwamba uzito juu ya ekseli moja ukiongezwa mara mbili, uharibifu hauwi mara mbili, bali karibu mara kumi na sita. Ndiyo sababu ya kuwekwa mizani.

Ugomvi haukukosekana. Zamani lori lililozidi kwa asilimia 5 lilisamehewa. Wizara ya Ujenzi ilipoiondoa nafuu hiyo, wenye malori waligoma mwezi wa Oktoba 2013, mpaka serikali ikairudisha. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikatunga sheria moja ya uzito, nayo ikaanza kutumika Tanzania mwaka 2019. Lori na tela lake pamoja na mzigo havitapita tani 56.

MAMBO YETU HAPA

Barabara ya lami kutoka Songea mpaka Namtumbo ilijengwa kwa fedha za msaada wa Marekani, katika mkataba wa mwaka 2008. Sasa hupita humo malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilaya ya Mbinga, kwenda bandari ya Mtwara. Kando ya lami hiyo hiyo wapo watoto wa shule, waendesha baiskeli, na mama mwenye kuni kichwani.

Basi kumbukeni wapagazi. Mwenye mali akizidisha mzigo, yeye hayumo ndani ya lori. Anayeubeba ni dereva, ni barabara, ni yule mama. Sheria imewekwa isimame mahali pa bega, iseme "Basi, inatosha." Askari anayepokea rushwa na kuliachia tela bovu ameinyamazisha sauti hiyo. Mwenye kutoa rushwa naye amefanya vivyo hivyo.

Nasi tuna hatia yetu. Mara ngapi tumepanda juu ya magunia katika tela la trekta, kwenda shamba au mazishini? Tela la mizigo halina kiti wala mahali pa kujishika. Kabla ya trekta la kijiji kuondoka, mtu mmoja na atazame pini, mnyororo, magurudumu na taa. Kazi hiyo ni ya dakika tano.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini tela ni la hatari zaidi wakati wa kushuka mlima?
2. Mzigo ukizidi, ni nani anayefaidika, na ni nani anayeumia?
3. Katika kijiji chenu, nani atakagua tela kabla ya safari?

Andikeni majibu yenu kwa sentensi fupi. Kwaherini, mpaka somo lijalo.